Kiti cha Mbele cha Kadogo

Jumamosi, 26 Juni 2021

Wametufungia ndani kwa sababu ya korona. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hii hakuna kutoka ila kwa chakula, kazi, matibabu na mazoezi. Wiki mbili, wamesema. Zinaishia tarehe 9 Julai na sisi tuna shughuli tarehe 10. Nimempigia Dévote, rafiki wa marehemu mke wangu, kumwuliza kama tuendelee na maandalizi. "Tuendelee tu, Baba Armelle," amesema. "Wiki mbili si nyingi." Basi tunaendelea.

Daftari hili alininunulia binti yangu Armelle alipokuja kutoka Perth, upande wa pili wa nchi hii, kumzika mama yake mwezi wa tatu. Aliniambia niandike, nisikae na maneno tumboni. Nimelikwepa miezi mitatu. Leo sina pa kwenda, kwa hiyo naandika.

Mimi ni Rénovat, Mrundi, miaka hamsini na saba. Niliishi kambi za Kigoma miaka kumi na miwili, sasa naendesha foklifti bandarini Port Botany. Mke wangu Marie-Jeanne alianguka jikoni Jumamosi asubuhi, tarehe 20 Machi, akikoroga uji. Mshipa wa kichwa, walisema. Hakufika jioni. Tulimzika, na sasa imebaki siku ya kuondoa matanga, ambayo kwetu tunaiita kuganduka. Watu wanakusanyika, wanakula, mwenye nyumba anasimama kutangaza vitu vya marehemu vinakwenda kwa nani, na yeyote mwenye neno juu yake analisema siku hiyo. Kabla ya hapo kitu chake hakigawiwi wala hakiuzwi. Nguo zake ziko kabatini na kigari chake kiko mbele ya nyumba.

Jumapili, 27 Juni

Kanisa ni kwenye simu. Nimeimba peke yangu sebuleni nikaona haya, nikanyamaza.

Niseme juu ya kigari. Ni Fiat, ile ndogo ya Kitaliano, milango miwili, rangi ya maziwa, taa za mbele za duara zinazokufanya udhani kimeshtuka kukuona. Alikinunua mwaka 2019 bila kuniuliza. Nilikasirika. Kwetu sisi gari ni la watu. Unanunua la siti saba au nane, unapitia mama mkwe, watoto wa jirani, gunia la unga na sufuria ya harusi. Mtu anayenunua gari la milango miwili anatangaza kwamba hataki kubeba mtu. Nilimwambia hivyo mbele ya wageni. Alicheka. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba Granville kuwaogesha wazee, na mitaa ile kupata pa kuegesha ni vita. Mimi nilikiita kibiriti. Yeye alikiita Kadogo.

Kila Jumapili saa tatu alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. "Leo unakuja na mimi?" Nami nilijibu kwamba napanda basi dogo la Adrien wa kazini pamoja na wanaume wenzangu. Nina urefu wa mita moja na tisini na mbili, naendeshwa na mke katika kibiriti, kanisa zima linaangalia? Miaka miwili sikuingia hata mara moja. Alikuwa anatufuata nyuma, na tukisimama kwenye taa nilimwona akinipungia mkono.

Jumatano, 30 Juni

Mvua. Méthode wa kwaya amepiga simu mara mbili nikiwa kazini. Sikumrudia, nilichoka.

Jumapili, 4 Julai

Kigari kimekataa kuwaka. Kimesimama pale pale alipokiegesha Ijumaa yake ya mwisho, betri imekwisha. Mzee Carmelo, Mtaliano wa nyumba ya kona mwenye miaka themanini na tatu, alikuwa kwenye matembezi yake. Alisimama, barakoa kidevuni, akaongea na gari kwanza, kwa Kitaliano, kisha ndipo akanisalimia mimi. Akaenda kwake akarudi na chaja ndani ya kitoroli chake cha sokoni.

"Renato," aliniambia kwa Kiingereza chake, maana Rénovat limemshinda, "baba yangu kule Calabria alikuwa na kadogo kuliko haka. Yeye, mama, sisi wanne na damajani, lile chupa kubwa la mvinyo."

"Mlienea vipi?"

"Hatukuenea. Tulikwenda tu."

Nimecheka. Ni mara ya kwanza tangu Machi, nikajisikia vibaya kwa kucheka.

Tabu ni kiti cha dereva. Marie-Jeanne alikuwa mfupi na alikisogeza mbele hadi mwisho, nyonga za mtu kama mimi haziingii pale. Nikikirudisha nyuma, mahali alipokaa yeye patapotea na hakuna atakayepajua tena. Kwa hiyo nilipiga magoti kwenye sementi, nikaweka gia huru, nikaingiza mkono na kuzungusha ufunguo nikiwa nje. Kikawaka. Watoto wa Kilebanoni wa jirani walipiga makofi kutoka barazani kwao. Nilikaa chini karibu na mlango dakika ishirini, nikiisikiliza mashine.

Jambo moja limenishangaza. Kiti cha mbele cha abiria kimerudishwa nyuma kabisa, na kimetandikwa kitenge kipya, kile cha kijani chenye ndege ambacho nilidhani anakiweka kwa ajili ya Krismasi. Kimetandikwa kama kitanda cha mgeni.

Jumatano, 7 Julai

Wameongeza wiki moja. Tumesogeza kuganduka hadi tarehe 17.

Jumatano, 14 Julai

Wameongeza tena, hadi mwisho wa mwezi. Tumesogeza hadi tarehe 31. Dévote ana mbuzi mzima kwenye friza yake na hana pa kuweka samaki.

Jumapili, 18 Julai

Niliwasha gari kama kila Jumapili sasa, betri isife tena, magotini. Mzee Carmelo alipita na kusimama ng'ambo ya barabara.

"Yule kaka yake hajambo?" akauliza.

"Kaka wa nani?"

"Wa bibi yako. Mrefu kama wewe, ana miwani ya giza. Alikuwa anamsubiri pale kwangu kwenye kona, siku za Alhamisi. Si kila wiki. Bibi anatoka, anampakia, wanakwenda."

Nilimwambia hajambo. Nikaingia ndani, nikakaa juu ya kitanda.

Marie-Jeanne hakuwa na kaka nchi hii. Kaka zake wote wawili wamezikwa Burundi. Katika watu wetu mrefu kama mimi ni mmoja tu, Méthode, kiongozi wa kwaya, mwanaume asiye na mke, mwenye sauti ya kuwafanya akina mama wafumbe macho. Alhamisi mimi niko kazini tangu alfajiri. Na kwa nini asubiri kwenye kona ya mtu badala ya kugonga mlango wangu?

Nimekumbuka mazishi. Alilia kuliko mimi.

Jumatatu, 19 Julai

Kazini. Nimeangusha makreti mawili ya vigae. Msimamizi aliniuliza kama niko sawa nikamwambia niko sawa.

Jumapili, 25 Julai

Sasa wilaya yetu nayo imeingia kwenye orodha ya wabaya, wale wa masharti makali zaidi. Helikopta ya polisi inazunguka Merrylands tangu asubuhi, utadhani tumeficha mtu.

Nimewasha gari. Nimekiangalia kile kiti kilivyorudi nyuma. Mtu mfupi hahitaji nafasi ile, hata mtu wa kawaida haihitaji. Kiti kile kilipangiwa miguu mirefu, na kikatandikwa kitenge ambacho mimi mume sikukiona hata mezani.

Jumatano, 28 Julai

Wameongeza hadi tarehe 28 Agosti. Wiki nne kwa mpigo. Dévote analia kwenye simu, anasema marehemu amesimama njiani, hatumruhusu kupita. Kusema kweli nilishukuru. Siwezi kusimama mbele ya watu kumsifu mke wangu wakati sijui nilikuwa na mke gani.

Jumapili, 1 Agosti

Niliwasha. Kimewaka mara moja.

Jumatatu, 2 Agosti

Adrien haruhusiwi tena kunipa lifti kwa sababu hatuishi nyumba moja. Sasa natoka alfajiri, treni, kisha treni nyingine, kisha basi, karibu saa mbili nzima njiani. Kadogo kangenifikisha kwa dakika arobaini. Adrien alinifokea kwenye simu: "We mzee una kichwa gani? Gari liko mlangoni!" Nikamwambia halinienei. Hilo si uongo.

Jumatano, 4 Agosti

Méthode amepiga. Nililiangalia jina lake kwenye kioo cha simu mpaka likazimika. Akaacha ujumbe wa sauti. Sijausikiliza. Najua wanavyofanya, mke akifa wanataka kuwa rafiki wa mume ili roho yao itulie.

Alhamisi, 5 Agosti

Baridi. Alhamisi.

Jumapili, 8 Agosti

Leo nimefanya jambo. Ndege walikuwa wamechafua kioo cha mbele chote, na mimi nilikuwa na hasira tangu nilipoamka. Nilifungua mlango wa abiria, nikakivuta kile kitenge, nikakichana vipande vinne kwa mikono, nikavichovya kwenye ndoo na kufutia mavi ya ndege. Kioo kimetakata. Vipande vitatu nilivitupa kwenye pipa. Cha nne kilibaki juu ya bomba la bustani, nikakiacha.

Mzee Carmelo aliniona. Aligeuza kitoroli chake akarudi alikotoka.

Ijumaa, 20 Agosti

Kufungwa hadi mwisho wa Septemba. Na kuanzia Jumatatu kwetu ni marufuku kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Bondi, kwa matajiri, wanaota jua ufukweni, nimewaona kwenye habari. Nimepata barua ya kazini inayoniruhusu kutoka mapema, naitembeza mfukoni kama cheti cha kuzaliwa.

Jumapili, 22 Agosti

Niliwasha. Watoto wa jirani wamekitengenezea jina lao, wanakiita Mister Egg. Yule mdogo wa kike aliniuliza kutoka barazani, "Where's the lady?" Nilimwambia yuko safarini. Mama yake alitoka akamwingiza ndani haraka.

Jumatano, 1 Septemba

Méthode amepiga mara tatu. Ujumbe mwingine wa sauti. Nimeizima simu.

Jumapili, 5 Septemba

Siku ya akina baba hapa. Armelle amepiga kwa video kutoka Perth, ambako wanatembea bila barakoa na wamefunga mpaka, hawataki kutuona.

"Baba, that car," alisema. "Inakaa tu hapo. Uza, ununue something you can actually fit in."

"Haiuzwi kabla ya kuganduka."

"I know, I know. Baada ya hapo."

Nikamwuliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kama mama yake aliwahi kumwambia habari za Méthode.

"Tonton Méthode, uncle wa kwaya? Mama alisema anamwonea huruma. That's all. Why?"

Nikamwambia hakuna kitu. Akaniangalia kwa macho ya mama yake, halafu akaniuliza kama nakula. Nilidanganya.

Jumapili, 12 Septemba

Niliwasha. Méthode hajapiga tena tangu mwezi uanze. Niandike kweli: nimefurahi.

Nikipanga sanduku lake la kushonea nimeona futi kamba yake ya manjano, nikakumbuka kitu. Mwaka ule wa 2019 alinisimamisha jikoni akanipima paja, kutoka kiunoni hadi gotini, halafu akanikalisha kwenye kiti akanipima tena. Hakukuwa na karatasi, akaandika namba kiganjani kwa kalamu. Nikamwuliza ni suruali ya nini. "Utaiona," akasema. Sikuiona. Nilimdai suruali ile miaka miwili, ikawa utani wetu. Sasa najiuliza kama alimshonea mtu mwingine. Hapa ndipo nilipofika, nauliza suruali.

Jumatatu, 13 Septemba

Waliochanjwa wanaruhusiwa kukaa bustanini kwa muda wa saa moja. Nilikwenda, nikakaa kwenye benchi, nikarudi baada ya dakika kumi.

Ijumaa, 24 Septemba

Dévote ameniachia sufuria ya maharage na ndizi getini akasimama mbali. Amekonda. Yeye na Marie-Jeanne walikuwa na kimo kimoja na kazi moja, walibadilishana mpaka viatu. Nilitaka kumwuliza. Mdomo ulifunguka, nikasema asante kwa maharage. Unamwulizaje mwanamke wa kanisani kitu kama hicho kutoka umbali wa mita tano, barabarani, jirani wakisikia?

Nimeamua. Siku ya kuganduka kila mwenye neno analisema. Nami nitakuwa na langu, mbele ya watu.

Jumapili, 3 Oktoba

Wamesogeza saa mbele kwa ajili ya majira ya joto. Niliwasha.

Jumatatu, 11 Oktoba

Tumefunguliwa. Foleni kwenye kinyozi imezunguka kona nzima. Nyumbani wanaruhusiwa wageni kumi, wote wenye sindano mbili. Nimempa Dévote tarehe 16. Amesoma majina kumi na la Méthode limo. Nikasema sawa.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nitaandika yote.

Walikuja kumi, wakakaa kwenye uwanja wa nyuma, viti vikiwa mbali mbali. Mbuzi wa Dévote hatimaye alitoka kwenye friza. Armelle alikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye jagi la juisi. Wa mwisho kufika alikuwa Méthode. Dévote alikuwa amemshika mkono. Nilidhani wanasalimiana. Kisha nikaona anamwongoza, anamwambia hapa kuna kizingiti, hapa kuna kiti. Alivaa ile miwani ya giza. Moyo wangu haukulainika. Nilijiambia anajifanya.

Baada ya sala nilisimama. Nguo zake na vyombo nikavitaja na wa kupewa. Watu wakaanza kusema maneno yao: mmoja kwamba alimfundisha kupanda treni, mmoja kwamba alimtolea chakula miezi miwili. Kisha zamu ikarudi kwangu, na kilichobaki kilikuwa gari.

"Kabla sijasema gari linakwenda kwa nani," nikasema, "nina swali. Méthode. Umekuwa ukimsubiri mke wangu kwenye kona, siku za Alhamisi, mimi nikiwa kazini. Nataka useme mbele ya watu hawa. Katika gari la mke wangu wewe ulikaa wapi?"

Kwenye simu Armelle alisema, "Baba!"

Méthode aligeuza uso kuelekea sauti yangu, kidogo pembeni, hakuipata sawasawa.

"Nyuma," akasema.

"Nyuma wapi? Na kimo hicho?"

"Nyuma ya dereva, mon frère, ndugu yangu. Yeye alikuwa mfupi, kwa hiyo kulikuwa na nafasi kidogo. Magoti yalifika kidevuni. Siku ya kwanza nilitaka kukaa kiti cha mbele akanipiga mkono. Alisema, 'Hapo hapana, hapo ni pa mume wangu, hajakaa bado, na hakuna atakayemtangulia.'"

Nikageuka nikamwangalia Dévote.

"Mimi pia nilikaa nyuma," Dévote akasema. "Sote. Wale bibi aliowapeleka kanisani, wote nyuma. Unga aliuweka sakafuni. Baba Armelle, nilidhani unajua."

"Nijue nini?"

"Mimi ndiye nilimsindikiza kununua. Alitaka gari dogo la kazi, lakini aliingia mle na futi kamba. Akapima kutoka mgongo wa kiti cha abiria hadi dashibodi, akaangalia namba kwenye kiganja chake. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Magari mawili aliyakataa kwa sababu ya magoti yako. La tatu akakirudisha kiti mpaka mwisho, akapima, akasema hili litamwenea. Akaniambia, 'Jumapili atakuja na mimi.'"

Nilikaa kwenye kreti la soda.

Méthode ndiye aliyeendelea kusema, polepole. Macho yake yanakufa kwa sukari. Walimnyang'anya leseni mwaka jana, na alikuwa akienda kliniki kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kuchomwa sindano ndani ya jicho. Hakutaka kwaya ijue, aliogopa watamwondoa mbele. Alikuja kwa treni mpaka kwetu, akasubiri kwenye kona kwa aibu, na Marie-Jeanne akampeleka na kumrudisha.

"Alipokufa sikuwa na mtu," akasema. "Miezi ya kwanza nilikwenda kwa teksi. Halafu kufungwa, nikaogopa, sikuona njia, barua za kliniki sizisomi. Aliwahi kuniambia, 'Siku nikishindwa mimi, mpigie mume wangu. Ana maneno makali lakini siri ya mtu haitoki kwake.' Basi nikakupigia."

Jicho la kushoto limekwenda. La kulia bado wanalipigania. Alisema hayo bila kunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Nilipiga magoti mbele yake, mbele ya wote, pale kwenye nyasi. Nilimwambia niliona jina lake kwenye simu, nikaliangalia mpaka likazimika. Nilimwambia nilichofikiri juu yake na juu ya mke wangu, kwa maneno yale yale. Armelle alikuwa akilia kwenye jagi. Méthode alinitafuta kichwa kwa mikono akakipata, akaniwekea kiganja juu yake. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme.

Gari nimempa Dévote. Mbele ya watu nikamkabidhi ufunguo. Kwa hiyo kuganduka kumefanyika na matanga yameondolewa.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimesikiliza ujumbe wa sauti, miwili. Wa Agosti anasema, "Baba Armelle, samahani kwa usumbufu, ni kesho saa tatu, kama huwezi hakuna neno." Wa Septemba anasema yale yale, ila anapumua sana.

Nimekwenda kupekua pipa la taka kama mwendawazimu, nikijua limeshamwagwa mara kumi. Kile kipande cha nne bado kilikuwa juu ya bomba, kimekauka na jua. Nimekifua mara tatu. Nimekipiga pasi. Kina ndege wawili na nusu.

Marie-Jeanne, miaka miwili ulisimama mlangoni na ufunguo. Jumapili zaidi ya mia. Nilikuwa nahesabu macho ya watu, nawe ulikuwa umeshahesabu magoti yangu.

Jumatatu, 25 Oktoba

Kazi. Mvua kidogo.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini, leo ni siku ya kliniki ya Méthode. Saa mbili asubuhi Dévote alileta gari mpaka getini. Hakuwa amekigusa kiti cha dereva. Hakuhitaji, miguu yake inafika pale pale. Méthode alikuwa ameshakaa nyuma yake, magoti kidevuni, kofia mkononi. Nilimwambia aje mbele, mimi nitabanana nyuma.

"Hapana, mon frère," akasema. "Mimi mahali pangu napajua."

Mzee Carmelo alikuwa amesimama kwenye kona na kitoroli chake. Watoto wa Kilebanoni walikuwa getini kwao na sare za shule. Basi dogo la Adrien lilipita, limechelewa kwenda bandarini, likapunguza mwendo, wanaume wote wakageuza vichwa kuniangalia.

Dévote aliteremsha kioo. "Baba Armelle, unakuja?"

"Nakuja," nikasema.

Nilitandika kile kipande cha kitenge, hakikufunika hata nusu ya kiti. Nikainama, nikaingia, nikafunga mlango. Nikapitisha kiganja kati ya magoti yangu na dashibodi. Kilipita chote bila kugusa mahali. Nikalia hapo hapo, na Dévote akasubiri nimalize ndipo akawasha gari.